Kumrudisha Tochi Makongeni

Tangu nirudi, siwezi kununua hata mkate kwa amani. Nikifika dukani, swali ni lile lile: "Mwalimu Nyambura, ni kweli ulienda mpaka Kisumu kumtafuta mtu wa Murang'a?" Ni kweli. Basi kaeni kitako, majirani zangu wa Buruburu, niwaeleze mara moja ili mniache ninunue mkate. Mambo ya tiketi na ruhusa sitawachosha nayo. Nitawaeleza niliyoyaona na niliyokula, na pale nilipokosea.

Ukumbini Makongeni

Kwa wale ambao hamkukulia nyumba za reli, nianze na Tochi mwenyewe.

Miaka ya sabini ilipoanza mimi nilikuwa msichana wa shule, na jioni yangu ilikwisha juu ya ukuta mfupi kando ya uwanja wa Makongeni. Uwanja ule ulikuwa wa vumbi tupu, nao uliinama. Upande wa nyumba ulikuwa juu, upande wa mtaro ulikuwa chini, na sisi sote tulilijua hilo kama mtu anavyojua mlango wa kwao unaokwama. Mechi ikipamba moto, vumbi lilitanda hata refa hakujua mpira uko wapi. Mchezaji mmoja tu ndiye aliyeuona. Kwa hiyo tukamwita Tochi.

Tochi alifunga magoli ambayo sijaona mtu mwingine akiyafunga. Alikuwa akiupiga mpira polepole, tena nje kabisa ya nguzo. Kipa wa wageni aliuangalia, akacheka, akauacha utoke. Mpira ukaenda, ukaenda, halafu ukarudi kama uliosahau kitu nyumbani, ukaingia golini. Mama zetu walikuwa wakipika nje ya nyumba, maana jikoni palikuwa padogo. Wakisikia ule ukelele wetu walinyakua vifuniko vya sufuria wakavigonga kwa miiko. Nyumba ya kwanza ikianza, ya pili hudakia, mpaka mtaa mzima ulie. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu. Goli la mtu mwingine tulilipigia makofi, lakini la Tochi lilikuwa na vifuniko.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Siku ya mechi, alfajiri, nikitumwa maziwa, nilimkuta Tochi uwanjani peke yake. Viatu ameshika mkononi, anatembea miguu mitupu, taratibu, kutoka kona hii hadi kona ile. Wengi walimwona. Na mnajua watu wakimwona mtu anazunguka uwanja miguu mitupu kabla ya jua, wanasema nini. Wakasema ana dawa. Baadaye akatoweka mtaani, magazeti yakawa na majina mengine, na jina lake likabaki midomoni mwa akina mama tu.

Mwaka huu vijana wa Makongeni walianzisha kombe la mitaa, wakatuita ukumbini, wakazi na sisi tuliohama, tuwasaidie kulipatia jina. Mama Adhiambo, ambaye amekaa nyumba ile ile tangu sijazaliwa, alisimama akasema liitwe Kombe la Tochi. Vijana wakacheka. Mwenyekiti wao, Elisha, kijana mpole anayeongoza pia vijana wa kanisa, hakucheka.

"Mathe," alimwambia, "nakuheshimu sana. Lakini mimi nimeokoka. Siwezi kusimama mbele ya watoto nikawapa kombe lenye jina la mchawi."

"Mchawi alikuroga wewe ukiwa wapi?" Mama Adhiambo akamjibu. "Ulikuwa kwenye nepi!"

"Na huo mpira unaotoka nje ukarudi ndani, mathe, unaitwaje kama si uchawi?"

Jina jingine lililopendekezwa lilikuwa la duka la vyuma lililowapa vijana jezi. Nikafikiria watoto wetu wakibeba Kombe la Misumari na Bawaba, nikainuka. Nikauliza, je, Tochi mwenyewe akija akaeleza?

Elisha akafikiri. "Fainali ni Jumapili ya mwisho ya likizo. Akija, aseme mbele ya watu alikuwa anatafuta nini pale alfajiri. Tutamsikiliza kwa haki. Asipokuja, mwalimu, kombe ni la duka."

"Anakaa wapi?" nikauliza.

"Kisumu!" ukumbi mzima ukajibu. Nani asiyejua? Tochi aliongea Kijaluo na kipa wetu Mikono, aliimba kwaya ya Wajaluo, alikula samaki akauacha mfupa mweupe. Hakuna aliyewahi kumwuliza kwao, na jina lake la nyumbani hakuna aliyelijua. Mtaani tulipewa majina na uwanja, na hayo yalitutosha.

Nairobi hadi Kisumu

Nilipanda treni ya jioni, daraja la tatu, nikiwa na kikapu cha mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Mbele yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akirudi kwao na vitambaa vya kuuza, na kando yake babu mwenye kofia ya mvua ambayo hakuivua safari nzima. Nilikuwa bado sijamaliza yai la kwanza walipoanza kunihoji. Nikawaambia ninamtafuta nani.

"Tochi!" babu akapiga goti lake. "Huyo ni wa kwetu Maseno. Baba yake namjua."

"Maseno gani?" mama wa vitambaa akamkata. "Tochi ni wa Ahero. Dada yangu aliolewa jirani."

Mtu wa benchi la nyuma akachungulia. "Samahani, mama. Tochi ni Mluhya. Wa Butere. Jaluo gani anapiga mpira polepole vile?"

Behewa likalipuka. Kila mmoja alimtaka Tochi awe wa kwao, na nikafurahi, kwa sababu mtu anayegombaniwa na behewa zima hajasahaulika bado. Mimi Mkikuyu wa pekee pale nilibaki kuwa refa. Wala haikunijia kuinua mkono nami nikamdai.

Asubuhi tuliamka treni imesimama. Tulikuwa juu kwenye baridi ya milima baada ya Nakuru, kituo kidogo chenye maua mekundu mlangoni, na mbele yetu reli ilikuwa imeshikwa na gari la mizigo. Tukakaa. Jua likapanda, tukakaa. Wanawake wa pale walikuja dirishani na mahindi ya kuchoma na maziwa ya mgando. Mama wa vitambaa aliona chai yangu imekwisha, akanimiminia yake, akakataa katakata nimpe chochote ila yai. Babu akalala na kofia yake. Mimi nilihesabu tu moyoni: fainali ni Jumapili hii. Sikuwa na siku ya kupoteza, na nilikuwa nikiipoteza kwa kutazama ng'ombe.

Tulipoteremka Kisumu jua lilikuwa linageuka. Mama wa vitambaa aliniambia nikimpata Tochi wa Ahero nimsalimie. Babu akasema wa Maseno.

Kwa Mikono

Kumpata kipa wetu wa zamani hakukuwa shida, kwa sababu yeye alikuwa amerudi kwao kwa kelele zote. Nilimkuta nje kidogo ya mji, anafunga waya kwenye ua wa kuku. Vidole vyake vimepinda kila kimoja kwa njia yake, kama matawi. Alinitazama.

"Wewe si yule wa ukutani? Msichana wa Kariuki wa stesheni?"

"Ndiye mimi, baba."

"Uliwahi kunizomea nilipofungwa mawili na timu ya posta!"

Mke wake alituletea samaki mzima, kichwa na mkia, na ugali ulioiva vizuri. Nikamgusa samaki huyu hapa na pale nisijue pa kuanzia. Mikono akanitazama, akakosa uvumilivu, akanionyesha: unaanzia mgongoni, unafuata mfupa, humwonei haya. Nilipojua, nilikula mpaka mke wake akatabasamu.

Nikamwambia nimekuja kumchukua Tochi. Mikono akaacha kutafuna.

"Kumchukua wapi?"

"Hapa. Kisumu. Au Ahero. Au Maseno."

"Binti yangu," akasema polepole, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, "Tochi ni Mkikuyu kama wewe. Wa Murang'a. Umempita, ukapanda treni, ukamwacha nyuma, ukaja kula samaki wangu."

Walicheka yeye na mke wake mpaka kuku wakakimbia. Nilicheka pia, ningefanya nini? Kisha akanieleza. Tochi alipofika Nairobi kutafuta kazi ya karakana hakuwa na pa kulala. Mikono akampa kona ya chumba chake. Tochi alijifunza Kijaluo kwa mama mkwe wa Mikono, akajiunga na kwaya yao kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akaimba sauti ya tatu. Mtaa ulimsikia akiongea, ukaamua. Yeye hakukana, maana hakuona kuna cha kukana.

"Na dawa, baba?" nikamwuliza. "Alikuwa nayo?"

Mikono akanawa mikono. "Sikumwuliza. Nani anauliza dawa inayomfungia magoli? Nami nilidhani anayo, sitakuficha. Kisha wakaja wateuzi wa timu kubwa kututazama. Alfajiri ile wakamkuta uwanjani, viatu mkononi. Mtu akawanong'oneza. Tochi alifunga matatu siku ile, na hawakumchukua. Walimchukua winga wetu, ambaye hakufunga hata moja. Tochi hakusema neno. Akafunga sanduku, akarudi kwao. Jina lake ni Zakaria. Uliza Zakaria wa kwaya, juu kabisa ambako basi linageuza."

Nilipoinuka alinishika mkono kwa vidole vile vilivyopinda. "Mwambie Mikono anamsalimu. Mwambie kwa jina hilo hilo."

Kurudi nyuma

Njia ya kurudi nitaifupisha, kwa sababu sikuwa na uso wa kuongea na mtu. Watu wa behewa waliponiuliza nilikotoka nikasema kwa jamaa. Nilishuka Nairobi, nikanywa chai stesheni nimesimama, na badala ya kwenda nyumbani kubadili nguo nikapanda basi la Murang'a. Ilikuwa Jumamosi.

Baada ya mji, barabara ikawa nyekundu, ikaanza kupanda na kushuka vile vilima vyetu vilivyosimama kama visu. Ilikuwa imenyesha. Basi lilitelezea ukingoni, abiria tukashuka tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Mwisho dereva akasema kuanzia hapo ni miguu. Nikapanda kilima na viatu vya mjini, na mama mmoja aliyebeba kuni kunizidi uzito aliniangalia akanihurumia, akanipa ndizi mbili.

Basi linakogeuza pana maduka machache. Kwenye baraza la mojawapo dada mmoja mdogo kwangu kwa umri alikuwa anashona kwa cherehani. Nikamwuliza kwa Zakaria wa kwaya.

"Ni baba yangu. Mimi ni Wambui. Ni mambo ya harusi?"

"Ni mambo ya mpira."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mpira? Mwalimu, umekosea nyumba. Baba hata redio ikitangaza mpira huizima. Tukimwuliza anasema kichwa kinamwuma."

Aliufunga mlango wa duka akanipeleka hata hivyo, kwa udadisi nadhani. Tulimkuta baba yake shambani, kwenye miteremko ya kahawa, anachuma zilizoiva anatia kwenye ndoo. Mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia safi. Nikamsalimu kwa Kikuyu kama inavyopaswa, nikasema natafuta mtu anayeitwa Tochi.

"Hapa hakuna mtu huyo," akasema, na akaendelea kuchuma.

"Mikono anakusalimu," nikasema.

Mkono ukasimama kwenye tawi. Kisha akaniuliza, kwa Kijaluo cha kawaida kabisa kama mtu wa Kisumu, kama Mikono bado yuko hai. Nilijua neno moja moja, nikaelewa.

"Yuko hai, baba. Anafuga kuku."

"Baba," Wambui akasema nyuma yangu, "hiyo ni lugha gani unaongea?"

Kwenye mteremko

Tulikaa nje ya nyumba na githeri ya moto, mahindi na maharagwe. Nikamweleza habari za kombe, za Elisha na za duka la vyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikata.

"Mwalimu," akasema, "waliniita mchawi. Mimi! Nimeongoza kwaya ya kanisa hili tangu niliporudi. Sikumwambia mke wangu mpaka alipofariki, sikuwaambia watoto. Sasa unataka niende nisimame pale, binti yangu anatazama, niitwe hivyo tena?"

Wambui alikuwa ameacha kula.

Sikutaka kumsukuma. Darasani nimejifunza kwamba mtoto anayejua jibu na anaogopa kulisema hasaidiwi na kelele. Nikamwuliza tu kile ambacho miaka yote hakuna aliyemwuliza. "Baba, ulikuwa unatafuta nini uwanjani alfajiri?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza maji ni nini. Akainuka, akachuma chungwa, akaliweka chini mbele ya nyumba. Chungwa likasita, likaanza kubingirika, likashika mbio, likapotea kwenye kahawa.

"Umeona? Nimezaliwa hapa. Tulicheza na mpira wa majani ya migomba. Ukiupiga moja kwa moja golini, unakwenda kuuokota mtoni. Kwa hiyo unaupiga juu, mbali na goli, kilima chenyewe kiulete. Kila mtoto wa hapa anajua. Nilipofika Nairobi nikaona viwanja vyao navyo vimeinama, lakini kidogo, kwa siri. Macho hayaoni. Mguu unaona, ukiwa mtupu, na udongo ukiwa na umande. Nilikwenda kuuliza uwanja unaelekea wapi. Hiyo ndiyo dawa yangu yote."

Nilikaa na kijiko mkononi. Mtaa mzima tulisema anatoka kwenye nchi tambarare ya ziwa. Kama tungemwuliza tu kwao ni wapi, tungejua mpira ule ulijifunzia wapi kurudi.

"Mbona hukuwaambia?" Wambui akauliza. Sauti yake ilikuwa kali.

"Hawakuniuliza, mama. Walinong'onezana."

Wambui akachukua sahani zetu. "Kesho nakuja nanyi," akasema. "Nataka kuona huyo Tochi."

Mzee akasema atakwenda, ila kwanza ibada, kwa sababu kwaya haina mtu mwingine.

Lori la ndizi

Ndivyo tulivyochelewa. Jumapili asubuhi nilikaa kwenye kanisa la mbao, nikiangalia dirisha, na Tochi mwenyewe amesimama mbele akiinua mikono, sauti zinapanda na kushuka kama vile vilima. Waliimba vizuri mno. Niliomba waimbe kidogo.

Basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Aliyetuokoa ni muumini mmoja mwenye lori la ndizi lililokuwa linakwenda soko la Gikomba, Nairobi. Mzee alikaa mbele na dereva, mimi na Wambui tukakaa juu ya ndizi tumejifunika turubai. Njiani Wambui alinitaka nimsimulie kila goli nililoliona. Nikamsimulia, na vumbi, na ukuta wangu, na vifuniko. Alikuwa akicheka, kisha akawa anatazama barabara.

"Yaani kuna watu wanamjua baba yangu kuliko mimi," akasema.

"Wanamjua nusu," nikamwambia. "Wewe una nusu ya pili."

Karibu na Thika lori likasimama kupoza injini, na dereva akatununulia nanasi, tukalila limekatwa vipande huku mimi nikitazama kivuli cha lori kinavyorefuka. Mzee alisema neno moja tu: ameomba kufika mapema apate kuutembea uwanja kwa miguu mitupu, na sasa hatapata.

Gikomba tukashuka. Tukatembea kwa miguu, Landhies, kisha Jogoo Road, ndizi zimetuachia utomvu kwenye nguo, tukasikia kelele za uwanja kabla ya kuuona.

Uwanjani

Timu za fainali zilikuwa zimekwisha kupasha misuli. Elisha alikuwa katikati na kipaza sauti, na kombe mezani limefunikwa kitambaa. Aliponiona akawaomba watu wanyamaze. Nampongeza kwa hilo, alitimiza ahadi yake.

"Karibu, mzee. Mwalimu anasema wewe ndiye Tochi. Tuambie, bila hasira: ulikuwa unafanya nini hapa alfajiri?"

Zakaria akaeleza, kwa Kiswahili chetu cha reli ambacho hakukiacha hata neno: mteremko, umande, mguu mtupu. Vijana wakatazamana.

"Uwanja huu unainama wapi, buda?" mmoja akapaza sauti. "Huu uko sawa kama meza!"

"Onyesha basi!" mwingine akasema, na wote wakadakia. "Onyesha! Onyesha!"

Mzee akakaa chini, akavua viatu na soksi, akampa Wambui. Akauweka mpira upande wa juu, karibu na nyumba, pale pale alipokuwa akiuweka zamani. Na wakati anarudi nyuma hatua zake, nikakumbuka. Uwanja uliwahi kujazwa murram, ule udongo mwekundu wa kutengenezea barabara, upande wa mtaro. Niliwahi kupita nikaona malundo, na haikunijia kumwambia. Nilifungua mdomo, lakini mguu ulikuwa umekwisha kwenda.

Aliupiga vizuri sana, polepole, nje ya nguzo, kama nilivyouona nikiwa ukutani. Mpira ukaenda. Ukaenda. Ukatoka nje moja kwa moja, ukagonga ua wa watu, ukatulia.

Vicheko vilianza nyuma, vikaja mbele. Wambui aliinamisha uso juu ya viatu vya baba yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Zakaria hakuwaangalia. Aliangalia mpira, kisha uwanja, akakunja uso kama fundi aliyekuta mashine imeguswa. Akatembea kuelekea upande wa mtaro, miguu mitupu, akabonyeza kisigino hapa, akabonyeza pale. Akasimama.

"Hapa pamejazwa," akasema. "Nani amejaza?"

Vicheko vikakatika. Elisha akashusha kipaza sauti.

"Ni sisi, mzee," akasema. "Mvua ya mwaka juzi. Tulibeba murram kwa karai, Jumamosi baada ya Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Elisha akageuka akautazama uwanja kama ambaye hajauona kamwe. "Kwa sababu mpira ulikuwa unakimbilia huku. Hata ukiupiga kule juu, unarudi huku. Ulikuwa unatuharibia mechi."

Kisha sauti ya Mama Adhiambo ikapanda kutoka kwenye mlango wake: "Sasa nyinyi niambieni, huyo ni mchawi gani anayeshindwa na murram?"

Uwanja mzima ukacheka, na safari hii hakikuwa kicheko kile cha kwanza. Hata Zakaria alicheka, meno yote nje. Elisha alimwendea akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema ndani ya kipaza sauti ili wote wasikie, "Mzee, utusamehe. Hatukuuliza." Akaenda mezani akavuta kitambaa. Akatangaza jina la kombe, na lile duka la vyuma, nasikia, limekubali jina lake libaki kwenye jezi tu.

Refa alitaka kuanza mechi. Zakaria akamwomba asubiri kidogo, kwa kuwa hakupata nafasi asubuhi. Akaanza kutembea kutoka kona ya juu, taratibu, akiuliza uwanja mpya unaelekea wapi. Kapteni wa timu moja akakaa chini akavua viatu, akamfuata. Kapteni wa pili akaona asiachwe, akavua vyake. Kisha wachezaji wote, timu mbili, safu moja ndefu nyuma ya mzee mmoja, viatu mikononi, mchana kweupe mbele ya watu.

Mama Adhiambo alikuja na vifuniko viwili na miiko miwili. Alimtazama Wambui aliyekuwa bado ameshika viatu, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Akachukua vile viatu, akaviweka chini kwa heshima, akamtia kifuniko mkononi.

"Ni baba yako," akamwambia. "Anza wewe, sisi tutadakia."